Mdogo wangu anataka kubadili ekseli ya Land Rover ya marehemu baba, mama hataki iguswe

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Naishi Tabata na mama yetu mzazi. Baba alifariki mwaka juzi. Alikuwa bwana shamba, na mwaka 1988 alinunua Land Rover 109 kwenye mnada wa serikali, ile ndefu, kadi inasema ni ya mwaka 1969. Sisi watoto tumekulia nyuma ya gari hilo, kwenye yale mabenchi ya pembeni. Kila Desemba tulipanda nalo Lushoto hadi kwetu Mlalo, tukarudi Dar na magunia ya viazi na kabichi. Miaka ya tisini injini ya petroli ilipokufa, baba aliweka ya dizeli, akaweka na viti vya mbele vya gari lingine, lakini gari ni lile lile na mtaa mzima unalijua kwa mlio wake.

Tatizo ni ekseli ya nyuma. Tangu baba yuko hai inakata hafushafti, zile fito za chuma ndani ya ekseli zinazozungusha matairi. Yeye alikuwa anatembea na moja ya akiba chini ya kiti. Ikikatika anafungua boli za kwenye habu katikati ya tairi, anachomoa iliyokatika, anaingiza nyingine, safari inaendelea. Sisi hatuwezi hayo. Mwezi wa tano tulikuwa tunampeleka mama msibani Kisarawe. Tukiwa tunapanda mlima baada ya Pugu tukasikia kitu kinakatika chini, ta! Injini inavuma bure, gari halivuti. Aliyekuwa anaendesha ni mdogo wangu wa mwisho. Akavuta hendibreki mpaka mwisho, na gari likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote, mimi nikaruka chini kutafuta jiwe la kuweka kwenye tairi. Nyuma yetu kulikuwa na daladala imejaa watu. Mungu alisimama nasi. Mama hakusema neno hadi tunafika.

Huyu mdogo wangu ana miaka 31, ni fundi na dereva wa magari ya watalii. Mwaka 2024 alikwenda Arusha kwenye tamasha la Land Rover, na tangu arudi hana wimbo mwingine. Ameliwekea gari matairi makubwa, na kweli limependeza. Sasa amepata ekseli ya nyuma ya Land Rover 110 huko Ilala, ameshatoa advansi ya laki tatu. Anataka kutoa ya zamani achomelee hiyo. Anasema haitakatika tena, gari litakimbia barabara kuu kama magari mengine, na ataweza kulikodisha kwenye maharusi lijilipe lenyewe.

Fundi aliyelitunza gari miaka yote ni rafiki wa baba, tunamwita baba mdogo ingawa si ndugu wa damu. Yeye amesema, "Mkiikata ekseli hiyo, msinipigie simu tena." Mdogo wangu akamjibu mbele ya watu kwamba fundi aliyeshindwa kutengeneza hendibreki asimfundishe kazi. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Mama anasema gari la mume wake lisiguswe, kama tumeshindwa kulitunza tuliegeshe. Mdogo wetu wa kati yuko Mwanza, anasema tuliuze tugawane.

Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, na kadi ya gari bado ina jina la baba. Mwezi wa nane tuna hitima yake Mlalo na mama anataka kwenda na gari hilo hilo. Nikimkatalia mdogo wangu halafu gari likaua watu, nitajibu nini mbele ya Mungu? Nikimkubalia, nahisi nitakuwa nimelifuta gari la baba kwa mkono wangu mwenyewe. Nisaidie.

Kifungua Mimba, Tabata

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuondokewa na baba, na poleni kwa siku ile ya Pugu. Kwa upande wa chuma sikutaka kubahatisha, kwa hiyo nilikaa na mafundi wa Land Rover wa hapa mjini nikawasomea maelezo yako bila kumtaja mtu. Mengi nitakayosema kuhusu gari ni yao.

Nilivyokuelewa, kuna ekseli inayokatika na kuna familia inayogombana juu yake, na wewe umekalishwa katikati utoe hukumu. Upande mmoja unaogopa ajali, upande wa pili unaogopa kufuta alama ya baba yako. Hofu zote mbili ni za kweli. Ila naomba turudi kwanza kwenye ule mlima, kwa sababu mambo mengine yote kwenye barua yako yameanzia pale.

Mnaamini siku ile mlipata ubovu wa aina mbili kwa pamoja: hafushafti ilikatika, na hendibreki ikagoma. Mafundi walinisimamisha hapo hapo. Katika Land Rover hizi za zamani hendibreki haishiki matairi. Ni dramu moja tu, imefungwa nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Nguvu yake inapita kwenye propela, inaingia kwenye difu, yale meno ya katikati ya ekseli, ndipo inagawanyika kwa hafushafti mbili hadi kwenye matairi ya nyuma. Moja ikikatika, difu inazungusha kipande kilichokatika na tairi la upande usiokatika nalo linabaki huru. Unaweza kuvuta hendibreki iliyofungwa mpya asubuhi hiyo hiyo na gari bado likarudi nyuma. Ndiyo maana pia madereva wa zamani hawakuinua tairi moja la nyuma kwa jeki wakitegemea hendibreki. Waliweka mawe kwanza.

Kwa hiyo huenda baba yenu mdogo hakushindwa kitu chochote. Sijaiona hendibreki yenu, sisemi ni nzima, ipimwe. Lakini lile neno zito alilotupiwa mzee mbele ya watu, likamfanya asisalimiane na kijana aliyemwona akikua, huenda limejengwa juu ya kosa ambalo si lake.

Mafundi wakaniuliza swali jingine: hakuna aliyebonyeza ule mpini mfupi wenye kichwa cha njano? Ndio unaounganisha ekseli ya mbele. Ukishaingia, na kama gari lina habu za mbele za kufunga na kufungua kwa mkono nazo zimefungwa, hendibreki inashika gari kupitia matairi ya mbele, na gari linaweza hata kujivuta polepole hadi mahali salama. Simlaumu mdogo wako kwa hilo. Land Rover 110, kama ndizo anazoendesha kazini, huvuta matairi manne muda wote, hivyo mkono wake haujazoea kuutafuta mpini huo. Gari la baba yenu lina tabia zake, na aliyezijua zote ametangulia mbele ya haki. Aliyebaki nazo ni baba mdogo.

Sasa ekseli yenyewe. Naomba uchukue tochi, ulale chini ya gari kwa nyuma, utazame lile bonge la difu katikati ya ekseli. Kama mgongo wake ni mviringo laini usio na mfuniko, hiyo ni ekseli ya kawaida ya Rover, ile inayojulikana kwa kukata hafushafti kwenye 109 zinazobeba mzigo. Kama mgongoni kuna bamba lililozungushiwa boli, hiyo ni Salisbury, ambayo ni nzito na imara zaidi, na hapo itabidi tuulize upya kwa nini inakata. Kwa gari la 1969 mafundi wanahisi mtakuta ile ya kwanza. Ila mtu asilipe hata shilingi nyingine kabla hamjatazama.

Niulize pia kuhusu yale matairi makubwa. Enzi za baba hafushafti zilikatika gari likiwa na magunia ya viazi juu ya milima ya Usambara. Siku ya Pugu, kwa jinsi ulivyoeleza, mlikuwa watu tu. Tairi likiwa kubwa kuliko lile gari lililotengenezewa, hafushafti inafanya kazi zaidi kwa mlima ule ule. Huenda lile la kupendeza ndilo limeongeza kukatika. Hilo mdogo wako analijua kwa ufundi wake, pengine halijamjia kwa sababu anatazama upande mwingine.

Kuhusu ekseli ya 110, kijana hakosei anaposema ni imara. Land Rover 110 ilitoka mwaka 1983 na ekseli yake imebeba watu na mizigo dunia nzima. Lakini ilitengenezwa kwa gari jingine. 110 inakalia springi za koili, 109 inakalia springi za mabamba. Ili iingie, lazima vishikio vya koili vikatwe na makalio ya mabamba yachomelewe. Moto wa kuchomelea ukizidi, bomba la ekseli linapinda, na beringi na oili sili zinaisha haraka. Pembe ikikosewa kidogo tu, propela inatetemeka na krosi, yaani viungo vyake, zinakufa moja baada ya nyingine. Ekseli yenyewe ni pana zaidi, matairi yatatoka nje karibu sentimita 8 au 9 kila upande, na ya mbele yatabaki ndani. Breki nazo zitabidi zipimwe upya na silinda kuu, maana za nyuma zikishika kuliko za mbele, gari linageuka likipata utelezi.

Kubwa kuliko yote hayo ni meno ya difu. Difu ya 109 ni 4.7 kwa 1, yaani propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Ya 110 ni 3.54 kwa 1. Ndiyo maana anakuambia gari litakimbia, na ni kweli, litakimbia kwa injini ile ile ikiwa imetulia. Lakini ekseli ya mbele ikibaki na 4.7, kuunganisha matairi manne kutakuwa ni kuvunja gari, kwa sababu mbele na nyuma zitakuwa zinadai mwendo tofauti. Na kwenye 109, ukiingiza gia nzito ya transfa (ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu), matairi ya mbele yanajiunga yenyewe. Yaani mtakuwa mmepoteza ule mpini wa njano ambao ungewaokoa Pugu, pamoja na gia nzito mnayoihitaji kupanda Mlalo. Dawa ipo: difu ya mbele ibadilishwe pia, na ya 3.54 inaingia. Muulize kama imo kwenye bajeti yake.

Hata ikiwemo, dizeli ya zamani ya lita 2.25, kama ndiyo hiyo aliyoweka baba, ina nguvu ya farasi 62 hivi. Kwa 3.54 itafurahi Chalinze na Segera, lakini kutoka Mombo kupanda Lushoto mtakwenda kwa gia ya pili nyakati ambazo baba alikuwa anakwenda kwa ya tatu. Hendibreki nayo itapungua nguvu kwa karibu robo, kwa sababu ilikuwa inasaidiwa na yale meno ya 4.7. Na saa ya mwendo, ambayo inasoma kutoka kwenye transfa, itadanganya: ikionyesha 50, trafiki mwenye tochi ataona 66. Hilo linarekebishika, lakini lazima mtu alikumbuke.

Sikuambii haya ili umnyamazishe mdogo wako. Nataka ukimkalisha uwe na maswali ya fundi kwa fundi, kwa sababu nahisi hakuna mtu kwenye familia anayemsikiliza kama fundi. Wote mnamjibu kama mtoto wa mwisho.

Ipo njia ambayo haikutajwa kwenye barua yako. Land Rover 109 za Series III, toleo lililofuata la gari lenu, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zilikuja na ekseli ya Salisbury. Inakaa kwenye springi zile zile za mabamba, ina 4.7 ile ile, hakuna kuchomelea, mpini wa njano unabaki na kazi yake. Kinachobadilika ni propela, inatakiwa fupi zaidi. Ugumu wake ni kuipata. Zilizobaki nyingi zimechoka, walio nazo wanajua thamani yake, na ikifunguliwa ukakuta meno ya kraun na pinioni, yale makuu ya difu, yameliwa, umenunua chuma chakavu. Nayo haitalipatia gari mwendo anaoutaka mdogo wako. Pengine yeye na baba mdogo wangeweza kuitafuta pamoja, pengine hapana. Wewe unawajua.

Mnaweza pia kubaki na ekseli iliyopo: mrudishe matairi ya kipimo cha awali, mtie hafushafti nzuri pande zote mbili, mpime beringi na hendibreki, mrudishe ile ya akiba chini ya kiti, na baba mdogo amfundishe mdogo wako kuibadilisha barabarani, pamoja na kukitoa kile kipande kinachobaki ndani. Ni gharama ndogo kuliko zote, lakini haiondoi hatari yote. Itakatika tena siku moja, na swali litakuwa ni nani yuko kwenye usukani na anajua nini.

Nije kwa mama. Umeandika kwamba hakusema neno siku ile hadi mnafika, kisha baadaye akasema gari lisiguswe. Je, kuna mtu aliyemuuliza aliona nini akiwa ndani ya lile gari linarudi nyuma? Mume wake aligusa gari hilo maisha yake yote. Alitoa injini nzima akaweka nyingine, viti akatoa kwenye gari lingine, na mama alivikalia. Kwa hiyo sidhani kama anaogopa chuma kubadilika. Huenda anaogopa kwamba watabadilisha watu wasioongea. Huenda ni jingine kabisa. Mimi siwezi kulijua nikiwa huku, na hata wewe hujalijua bado. Muulize mkiwa wawili, jikoni, bila ya kijana wala fundi.

Na hofu yako ya kulifuta gari la baba, itazame hivi. Ekseli ya zamani inatoka kwa kufungua yubolti (boli zenye umbo la U) na mabomba ya breki. Haikatwi. Kinachokatwa ni ile ya 110. Ya baba inaweza kufutwa grisi, kufungwa vizuri na kuwekwa stoo, na siku mkitaka irudi inarudi. Kisichorudi ni chesisi. Kama mpango wa mdogo wako unahusu kukata chesisi ili aweke na koili, hilo ni jambo jingine zito, na uliulize wazi leo.

Kuna suala la mirathi, nalipitia kwa ufupi. Wewe kama msimamizi unalitunza gari kwa niaba ya warithi wote. Kwa mirathi ya Kiislamu mama yenu ana thumni yake, yaani moja ya nane, na ninyi watoto mna mafungu yenu, akiwemo yule wa Mwanza. Gari si la mdogo wako kulibadili, na si lako kukataza peke yako. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe na wote watie saini, kabla ya jina kuhamishwa TRA. Hapo hapo tazameni kama namba ya injini ya dizeli inafanana na iliyo kwenye kadi. Kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi mkibadili ekseli, hasa kama gari litakodishwa. Na ekseli ya Ilala iwe na risiti yenye jina la muuzaji, spea za wizi ni nyingi.

Hitima iko karibu. Hakuna aliyesema lazima uamuzi wa ekseli na safari ya Mlalo viende pamoja. Mnaweza kumpeleka mama kwa gari jingine mwezi wa nane, na muuza ekseli akaombwa awashikie ile advansi hadi mrudi. Najua mama anataka gari la mume wake, na hilo lina uzito wake. Lakini mkilazimisha kazi ya kuchomelea iishe kabla ya hitima, mtapanda Mombo na ekseli ambayo haijajaribiwa, mama akiwa ndani.

Kabla ya yote hayo kuna lile la hendibreki. Mweleze mdogo wako faragha, umwache akalale chini ya gari aione dramu mwenyewe ilipofungwa. Ni fundi, ataelewa kwa kutazama. Usimlazimishe kuomba radhi. Mpe siku kadhaa. Halafu mtume kwa baba mdogo na jambo moja tu la kazi: amwonyeshe hafushafti inavyobadilishwa bila kupandisha gari kwenye jeki. Ukishajua kama mgongo wa difu una mfuniko au hauna, niandikie tena, na uniambie mama alijibu nini.